Balozi wa Kwenda Matale

Uzingo ni nchi ya watu wastaarabu. Nasema hivi mapema, msomaji asije akadhani nilikwenda kwa washenzi. Barabara zao zinafagiliwa, wazee hupishwa njiani, na kila mtu anajua kusoma kunizidi mimi niliyeishia darasa la nne. Muda wote niliokaa kwao sikuona ngumi ikirushwa. Nilivyofika huko si muhimu. Fundi wa kunoa visu hufika popote penye visu butu, na mwanamume aliyefiwa na mke hana wa kumuuliza atarudi lini.

Nilikuta nchi nzima ina mazungumzo mamoja. Wachimba chumvi sitini na wawili walikuwa wamevuka mpaka bila kujua, wakachimba upande wa Matale, nchi ya jirani iliyo nyuma ya mlima, wakakamatwa. Wamatale hawakudai kitu kikubwa. Walituma neno kwamba waletewe mtu mmoja wa kuzungumza nao. Akifika kabla ya mvua za kwanza, wachimbaji watarudi kwao. Asipofika, basi itajulikana kwamba watu hawa hawana wenyewe, watapewa viwanja huko huko na kuhesabiwa Wamatale moja kwa moja.

Kutoka mji mkuu wa Uzingo hadi Matale ni mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Nikauliza, kama mjinga anavyouliza, kwa nini asiende mtu. Nikajibiwa kwa upole kwamba anayekwenda kusema na nchi nyingine ni balozi, na balozi hapatikani ila kwa usaili wa wazi, raia wote washindane, haki itendeke. Anayevuka kusema na Wamatale bila kuteuliwa hunyang'anywa uraia na nyumba. Usaili ulikuwa umekwisha kutangazwa na Baraza la Mabalozi. Maombi yalifika elfu tatu na mia nne. Mvua zilikuwa miezi minane mbele.

Niliwasifu. Kwetu wakubwa wangetumia miezi minane kugombana nani atie sahihi kwenye tangazo.

Sharti la kwanza la usaili lilikuwa cheti cha tabia, na hapa Wazingo wana desturi ambayo sijaiona kwingine. Cheti lazima kiandikwe na mtu asiyemfahamu mwombaji hata kidogo. Hoja yao ni kwamba anayekufahamu atakupendelea au atakuchongea; asiyekufahamu ndiye pekee asiye na sababu ya kusema uongo. Pale mjini kuna watu wenye kazi hiyo, wanaitwa Wageni wa Serikali, nao hukaa vibandani wakitazama ukuta ili wasimwone mteja. Tabu ni kwamba baada ya miaka mingi wamemjua kila mtu kwa sauti na kwa kikohozi chake, na Baraza lilikuwa limeanza kuvikataa vyeti vyao.

Ndipo nikatokea mimi na jiwe langu la kunolea, mgeni wa kweli. Sikuwahi kutafutwa namna ile maishani. Waombaji walinifuata sokoni kwa mbali, na nikigeuka kuwasalimu wanakimbia, maana ukishajibizana salamu na mtu, huyo si mgeni wako tena. Mwanamume mmoja mnene mwenye miwani, niliyemwambia tu habari za asubuhi, aliketi barabarani akashika kichwa, akasema nimemharibia miaka sita ya masomo.

Aliyenipata ni mfinyanzi mmoja wa vyungu, mwanamke wa miaka kama arobaini, aliyekuwa na chumba cha kupangisha. Jina lake Zamda, ila nililijua baadaye. Siku tatu za kwanza aliniwekea chakula mlangoni akaondoka, na tukisemezana ni nyuma ya pazia.

“Usiniambie jina lako, mzee wangu, nami sikuambii langu. Wewe kula.”

“Chakula hakina chumvi, mama.”

“Chumvi nchi nzima haipo. Wanaoichimba wako Matale.”

Siku ya nne alisukuma karatasi na kalamu chini ya pazia. Niliandika kwa herufi kubwa, ndizo ninazozimudu: SIMJUI MTU HUYU. Niliambiwa baadaye kwamba Baraza lilikisifu cheti kile kuwa bora kuliko vyote vya mwaka huo, kwa ufupi na kwa ukweli.

Alipokwisha kukipeleka alilifungua pazia, akakaa, akanipa mkono, akanieleza habari yake yote kwa pumzi moja. Mmoja wa wale sitini na wawili alikuwa mumewe, Shamte. Wameishi pamoja miaka kumi na tisa, na kila mwaka huyo Shamte anaahidi kuacha chumvi aje amkandie udongo, na kila mwaka anarudi kwenye chumvi. Kabla mpaka haujafungwa, Zamda mwenyewe alikuwa akipeleka vyungu Matale, na Kimatale anakisema kama aliyekinyonya kwa mama yake.

“Wananijua,” akasema. “Nikifika, kabla chai haijapoa nimekwisha kuwatoa.”

Nikamuuliza mbona haendi.

“Niende bila kuteuliwa, nisiwe mtu wa Uzingo? Shamte akirudi atamrudia nani, na katika nyumba ya nani? Nitafanya usaili, mzee wangu. Nitaushinda.”

Sikumkatisha tamaa. Nilianza kuhesabu naye miezi kwa mkaa ukutani, ingawa hainihusu.

Mtihani wa kuandika ulitoka kwenye Kitabu cha Matale, ambacho kila mwombaji lazima akijue. Alikiandika mwanachuoni wao mmoja miaka sabini iliyopita, baada ya kukaa miaka minne juu ya paa la Baraza akitazama mlima. Kitabu kinasema Wamatale hula nafaka mbichi. Ushahidi ni kwamba katika miaka minne mwanachuoni hakuona moshi wa jiko hata mara moja. Kinasema pia ni watu wakali, warefu, wasiojua kucheka. Zamda aliposoma hapo alicheka mpaka akaweka udongo chini. Lakini si mpumbavu. Alikikariri chote, akajibu kila swali kama kitabu kinavyotaka, akatoka wa pili katika watu elfu tatu na mia nne.

Wa kwanza alikuwa Bwana Mbaruku, mtu wa miaka thelathini na mitano, mpole, meno yamepangika. Yeye alikwisha kushinda usaili wa ubalozi wa nchi saba na hakuwa amekwenda hata moja, kwa kuwa kila akikaribia kwenda hutangazwa usaili mwingine naye huona ni wajibu kushiriki.

Kufika hapo miezi mitano ilikuwa imepita. Ukutani pangu palikuwa peusi.

Ukabaki usaili wa mdomo, watahiniwa sita tu. Unafanyika ukumbini, na raia yeyote anaruhusiwa kukaa kwenye mabenchi kutazama, na kwa hilo nawasifu tena, maana kwetu milango ingefungwa. Mbele wameketi wasaili watano, na mwenyekiti wao Mheshimiwa Lugusha, mzee nadhifu aliyekuwa akifuta kalamu yake kila baada ya kuandika neno. Katikati ya ukumbi pana meza, na nyuma ya meza hukaa Mmatale.

Nilishtuka, nikamuuliza jirani yangu kwenye benchi kama kumbe Mmatale mmoja yuko hapa. Akanieleza kwa fahari kwamba huyo ni Bwana Fumbwe, mtumishi wa Baraza, ambaye kwa miaka ishirini na mmoja ndiye Mmatale wa usaili wote. Amevaa ngozi ya mbuzi na amefuga ndevu kwa kazi hiyo. Mtahiniwa huketi mbele yake na kuzungumza naye kama atakavyozungumza huko aendako, na wasaili hupima. Nikauliza kama Bwana Fumbwe ametoka Matale. Jirani akanitazama. Bwana Fumbwe, akasema, hajapata kuvuka hata daraja la mjini, na ndiyo sababu anaaminiwa.

Bwana Mbaruku aliketi, akainamisha kichwa, akasema kwa Kizingo, polepole na kwa sauti kubwa, mikono yote miwili ikipepea. Bwana Fumbwe alinguruma. Mbaruku akatabasamu. Fumbwe akapiga meza ngumi tatu, akadai ng'ombe, akadai mlima, akatafuna mtama mbichi aliokuwa nao mfukoni. Mbaruku akamsifu kwa meno yake. Baada ya nusu saa Fumbwe alishusha pumzi na kutoa mkono, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Zamda alikuwa wa mwisho. Alikuwa amejifunga vizuri na kupaka viatu rangi. Aliketi, akaweka viganja vyake juu ya meza vikitazama juu, ndivyo wanavyosalimiana kule, nilikuja kuviona kwa macho yangu. Kisha akasema kwa Kimatale. Sikuelewa neno, lakini ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza hali za wagonjwa nyumba kwa nyumba.

Bwana Fumbwe akageuka. Akawatazama wasaili. Zamda akarudia, taratibu zaidi. Fumbwe akanguruma kidogo, kwa shaka, kama mbwa anayesikia jina lisilo lake. Zamda akangoja, akaongeza maneno mengine mawili matatu. Yule bwana akavua kofia ya ngozi, akajifuta jasho, akavaa tena.

Wasaili wakajadiliana pale pale, kwa kuwa sheria yao inakataza kunong'ona. Mmoja wao, mama mfupi aitwaye Mwanate, alisema labda yafaa kuzingatiwa kwamba pengine, kwa bahati mbaya, Bwana Fumbwe hakijui Kimatale. Mheshimiwa Lugusha hakukasirika. Alifuta kalamu yake.

“Bi Mwanate, huyu ni Mmatale wetu kwa miaka ishirini na mmoja. Mabalozi thelathini wamepimwa kwake. Kama yeye hakielewi Kimatale, wale thelathini walipimwa na nani?”

Bi Mwanate akasema mawazo yake hayajafika huko. Lugusha akasema basi yaishie hapo. Msaili mwingine akashauri mtahiniwa apewe nafasi ya kusema lugha ambayo Mmatale ataielewa. Zamda akajibu, kwa heshima, kwamba akifika kwa Wamatale hawatamwelewa kwa Kizingo. Hapo Bwana Fumbwe mwenyewe akaingilia, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ameitumikia kazi hii tangu ujana, ndevu zake zimeota mvi humo, na hajapata kudharauliwa hivi mbele ya watu.

Matokeo yalisomwa kabla ya watu kuondoka. Bwana Mbaruku wa kwanza. Kuhusu Zamda iliandikwa: Mtahiniwa ameshindwa kuelewana na Mmatale.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika aliingia moja kwa moja kwenye udongo wake, na chungu alichokianza siku hiyo alikivunja kabla hakijakauka.

Nilimwambia basi angalau balozi yupo, ataondoka, haidhuru ni nani. Nami nilikuwa naamini ninachosema. Lakini sheria ya Uzingo haimruhusu balozi kuondoka mpaka apatikane naibu wa kushika kiti chake, na naibu hupatikana kwa usaili. Mwezi wa sita ukapita. Wa saba mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima. Wake wa wachimbaji wakaenda Barazani, wakapokewa vizuri, wakapewa viti. Wakaelezwa kwamba serikali haijalala na kwamba kutokana na uzito wa suala, mazungumzo yatafanyika mara moja, hapa hapa mjini.

Yalifanyika na Bwana Fumbwe.

Najua msomaji atadhani natia chumvi. Siku tisa yalichukua. Mbaruku upande huu wa meza, Fumbwe upande ule, na nchi nzima ikisikiliza redioni. Fumbwe alikuwa mgumu. Siku ya pili alivunja mazungumzo akatoka nje kwa hasira, watu wakakesha wakiomba dua. Siku ya tano alikubali kuwaachia ishirini. Mbaruku hakukubali, akasema sitini na wawili au hakuna, na mafundi waliweka nyundo chini mitaani ili wasikie. Siku ya tisa Fumbwe alilia, akasema amekutana na mwanamume, akatia kidole kwenye wino. Mimi nami, na umri huu, nilijikuta nimesimama napiga makofi. Zamda alikuwa ameketi karibu nami akijitoa udongo kwenye kucha, moja moja.

Kesho yake, tarehe saba ya mwezi wa nane, karani alipita nyumba kwa nyumba na Daftari la Waliorejeshwa. Aliitwa Tenge, mtu mstaarabu, alibisha hodi mara tatu. Alimpongeza Zamda kwa kurejeshewa mumewe, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi kwamba amempokea akiwa mzima. Zamda akamuuliza yuko wapi. Tenge akasema kwa mujibu wa mapatano amerudi. Kama mama ana habari tofauti, aeleze amezipata kwa nani, maana habari za Matale hupitia kwa balozi, na kuzipata kwa njia nyingine ni kosa.

Zamda akanigeukia.

“Tia sahihi,” nikamwambia. “Hizi karatasi zao hazimzuii mtu kurudi. Waridhishe tu, sisi tuendelee na yetu.”

Nilisema hivyo, na sikuzuiwa na mtu. Akatia sahihi.

Alfajiri ya siku ya tatu alifunga mkate na maji, akafunga nyumba. Akasema anakwenda, wamnyang'anye watakacho. Nikafuata, maana mimi ni wa kuja na kuondoka na hakuna anayeniandika. Mpakani tulimkuta askari mmoja mwenye nakala ya daftari. Alisoma kwa kidole.

“Zamda wa Shamte. Hapa uko nyumbani. Mumeo karudi, mko pamoja.”

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Basi anayevuka hapa si wewe.”

“Kama si mimi, si mimi.”

Askari akafikiri sana. Akasema asiyekuwapo hana pa kumwandika, akainua kizuizi. Nadhani alifurahi kulimaliza kisheria.

Matale tulifika kesho yake mchana. Mvua ilikuwa bado. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni harufu ya maharage yenye nazi na vitunguu, kila nyumba ina jiko nje na linatoa moshi. Mkuu wao ni mwanamke anayeitwa Sofero. Alikuja na unga mikononi, akamwona Zamda, akacheka, akaita watu waje. Akaleta chungu cha zamani chenye ufa ubavuni kumwonyesha kwamba bado anakitumia. Zamda akaweka viganja juu. Wakasema. Kisha Sofero akaacha kucheka, akaitazama ile mikono, akaishika yote miwili na unga wake, na Zamda akaketi chini pale aliposimama.

Mchimbaji mmoja alinieleza kwa Kizingo. Shamte alikufa mwezi wa tano, kifua. Aliugua wiki nane. Wamatale waliandika barua mara tatu kwamba mtu huyu anamtaka mkewe, aruhusiwe aje. Barua zote tatu zilirudishwa kutoka mpakani, kwa sababu barua za Matale hufunguliwa na balozi na balozi alikuwa hajapatikana. Nilipiga hesabu. Siku ile Zamda alipoketi mbele ya Bwana Fumbwe na kumuuliza habari za wagonjwa, mumewe alikuwa na siku tisa kaburini.

Alikwenda peke yake kuliona kaburi. Aliporudi alinawa uso, akakaa na Sofero kumaliza kazi. Haikuchukua muda wa kusonga ugali. Mtu mmoja alikuwa amefika, na wao hawakuwa wametaka zaidi ya huyo. Neno walilotaka kumwambia ni hili: jiwe la mpaka limefutika rangi, halionekani, kila upande upake upande wake. Wazee wa Matale walikuwa wamesubiri kulisema neno hilo miezi minane na chokaa yao tayari kwenye ndoo.

Tuliondoka na watu sitini na mmoja. Mpakani askari alilitazama daftari, akawatazama wale watu ambao kwa kitabu chake walikuwa wamekwisha kuingia siku sita nyuma. Akasema anakwenda kuangalia mlima kidogo, akatupa mgongo. Tukapita. Mjini hakuna aliyewashangilia, maana walikwisha kushangiliwa. Bwana Mbaruku alikuwa tayari amepewa nishani na alikuwa akisoma kwa ajili ya usaili wa nchi ya tisa. Waliorudi waliingia majumbani mwao, na mlango mmoja baada ya mwingine ulifungwa kimya kimya, na ndani mkasikika vilio vya furaha vya kujizuia.

Asubuhi Zamda alikwenda ofisi ya Daftari. Nilikwenda naye. Huko Uzingo ni kosa kumwekea matanga mtu aliye hai. Wanasema ni kumtakia mabaya. Bila kifo kuandikwa hawezi kupika, hawezi kupokea watu, hawezi hata kuvaa nguo ya msiba akatoka nje. Karani Tenge alisimama kumpokea.

“Karibu, mama. Shamte hajambo?”

“Amekufa. Nimekuja umwandike.”

Tenge akatoa pole, akafungua daftari, akaifuata mistari. Akasema hapa Shamte amerudi tarehe saba akiwa mzima, na sahihi ya kumpokea ni ya mama mwenyewe.

“Ni yangu,” Zamda akasema.

“Basi amefariki baada ya tarehe saba.”

“Mwezi wa tano.”

Tenge alilifikiria kwa dhati, nilimwona. Akaeleza kwamba mtu hawezi kufa mwezi wa tano akarudi mzima mwezi wa nane. Ingeandikwa hivyo, daftari lingekuwa limesema Baraza limedanganya, na Bwana Mbaruku, na nchi nzima iliyosikiliza. Angeweza kumwandika amekufa leo, nyumbani, lakini hapo mwili lazima uonekane. Mwili uko Matale, na Matale hakuna Mzingo hata mmoja, wote wamerudi. Hakusema kwa ubaya hata kidogo. Mwisho akafunga daftari kwa mikono miwili.

“Rudi kesho, mama. Mkubwa yuko kikaoni.”

Maneno hayo nayajua. Mke wangu alikuwa na uvimbe, na karatasi yake ilihitaji mhuri wa chumba cha pili. Tukaambiwa turudi kesho, mkubwa yuko kikaoni. Tukarudi nyumbani kwa miguu, tukaja kesho, akafia kwenye benchi la nje akiwa ameshika ile karatasi. Miaka yote nimewataja wenye mhuri kwa majina, kila mji, kwa kila aliyeniletea kisu. Ila siku ile nilipoambiwa niondoke niliondoka, na nilisema ahsante.

Zamda hakuondoka. Aliketi sakafuni mbele ya meza ya karani, akakunja miguu kama anavyokaa mbele ya udongo. Tenge akasema ofisi hufungwa saa tisa. Zamda akamwambia afunge. Nyuma yetu pakaanza foleni. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akauliza kuna nini, akaambiwa ni mke wa Shamte. Mke wa mchimbaji mmoja aliyekuwa amekuja kwa shughuli yake akaiacha foleni akaketi naye.

Nami nikaketi. Magoti yangu si mazuri, ilinichukua muda. Karani alitutazama sisi watatu pale chini, akaona mimi si mtu wa foleni na wala si mtu wa nchi ile, akashika kalamu apate kuandika kilichotokea, kama sheria inavyomtaka.

“Na wewe, mzee,” akaniuliza, “ni nani wa marehemu?”

 Tenge akasikia alichokisema, akabaki na kalamu hewani. Zamda alinyanyuka taratibu, akalifungua daftari kwenye ukurasa wa Shamte, akamsogezea.

“Andika hivyo ulivyosema,” akamwambia.